Kutoka Unyayoni Hadi Tairini: Kutafuta Hitilafu ya Breki katika Simuleta ya Nyumbani



Anayeomba msaada wa breki za simuleta huja karibu kila mara na sentensi ileile: "Breki hazifanyi kazi." Kabla sijagusa chochote humrudishia swali. Ndege yako inakataa kusimama, au inakataa kuondoka? Maana sentensi hiyo moja hubeba shida zilizo kinyume kabisa. Mmoja ametua Dar es Salaam, amekanyaga kwa nguvu zake zote, na ndege imepitiliza mwisho wa lami. Mwingine yuko uwanja wa Wilson, Nairobi, amefungua injini ya Cessna hadi mwisho, na ndege inajikokota tu bila kufikia kasi ya kuruka. Wa tatu anavutwa kushoto kila anapotaka kwenda moja kwa moja. Wa nne anarusha Boeing 737, na kila akitua taa inawaka kumjulisha kwamba autobreki, yaani breki zinazojifunga zenyewe, zimejiondoa kazini. Maneno yao ni yaleyale, ila kila mmoja ana ugonjwa wake.

Leo nataka tuzungumze juu ya namna ya kutafuta. Orodha za marekebisho zipo tele. Mtu huishika moja, akaifuata kuanzia juu, akabadilisha mipangilio kumi kwa mkupuo, breki zikarudi, naye asijue ni lipi lililozirudisha. Zikiharibika tena anaanza upya, safari hii akiwa na mipangilio kumi iliyovurugika. Msimamo wangu ni kwamba breki ya simuleta ni njia yenye mwanzo na mwisho, na hitilafu imekaa mahali fulani kwenye njia hiyo. Ujue mahali penyewe kwanza, ndipo urekebishe.

Tuipite njia hiyo pamoja. Vidole vya mguu vinasukuma sehemu ya juu ya pedali. Pedali inazungusha kifaa kidogo kilicho ndani yake. Katika pedali za bei ya kawaida kifaa hicho ni potenshiomita, ile ambayo mafundi redio huiita voliumu. Katika zile za bei kubwa ni sensa ya Hall, inayosoma sumaku bila vipande kugusana. Sakiti ndogo inageuza mkao wa pedali kuwa namba. Namba inasafiri kwenye waya wa USB hadi kwenye mfumo endeshi wa kompyuta, ambao kwa wengi wetu ni Windows. Windows inaikabidhi simuleta. Simuleta inatazama namba hiyo imepangiwa kazi gani, inaipunguza au kuiongeza kulingana na mipangilio ya wepesi wa pedali, kisha inaipeleka kwa ndege uliyoichagua. Na ndege hiyo, ikiwa imetengenezwa kwa uangalifu, ina haidroliki zake, swichi zake na masharti yake, hata kabla tairi halijapata habari.

Njia ndefu hukatwa katikati, na katikati ya njia hii ni Windows. Funga simuleta kabisa. Andika joy.cpl mahali pa kutafutia programu, fungua dirisha litakalotokea, chagua pedali zako, utazame vipimo vyake. Kanyaga breki ya kushoto polepole hadi mwisho, uiachie polepole. Kipimo kimoja tu ndicho kinachotakiwa kusogea. Kisogee bila kuruka, kifike mwisho, kirudi mwanzo, kisha kitulie tuli mguu ukiwa umeondoka. Fanya hivyohivyo kulia. Ukiona hivyo, basi mguu, pedali na waya havina lawama, na umeondoa nusu ya mashaka kwa dakika mbili. Usipoona hivyo, usipoteze muda ndani ya simuleta. Mpangilio wa programu unaweza kuficha ubovu wa kifaa, kuuponya hauwezi.

Ubovu wa kifaa unaonisumbua kuliko wote ni mtetemo wa namba. Ndani ya potenshiomita kuna ulimi wa chuma unaotambaa juu ya utepe wa kaboni. Vumbi likiingia, au utepe ukichakaa mahali ambapo ulimi hukaa muda mrefu zaidi, namba huanza kurukaruka hata pedali ikiwa huru. Kwetu sisi wa pwani kuna pia unyevu na hewa ya chumvi, ambavyo haviipendi kontakti yoyote ya chuma. Namba ikiruka kidogo tu, simuleta huielewa kwamba umegusa breki. Hapo ndipo Cessna inapojikokota. Hapo pia ndipo anapopatikana yule rubani wetu wa 737. Autobreki za ndege hiyo zimeundwa zijiondoe pale rubani anapokanyaga pedali, kwa sababu inachukuliwa kwamba binadamu ameamua kufunga breki mwenyewe. Simuleta inayoiga vizuri huheshimu sharti hilo. Pedali chafu ikirusha namba mara moja baada ya magurudumu kugusa lami, ndege inaamini umekanyaga, na autobreki zinakuachia kazi. Mtu anaweza kuipakua upya ndege nzima, gigabaiti kwa gigabaiti, kwa ajili ya punje ya vumbi.

Tiba yake ni ya fundi redio: dawa ya kusafishia kontakti za umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta, unyunyize kidogo, kisha uzungushe pedali mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Mafuta ya kulainishia bawaba yasitumike, kwani hubaki na kukusanya vumbi jipya. Kisha rudi joy.cpl uangalie tena. Ikiwa utepe umechakaa kweli, potenshiomita hubadilishwa, na fundi wa mtaani mwenye kifaa cha kulehemu risasi anaiweza kazi hiyo mkimpa yenye kipimo kilekile cha omu. Wakati mkingoja kipuri, ongezeni kidogo eneo la kutojibu mwanzoni mwa mwendo wa pedali, ili mitetemo midogo isihesabiwe. Hiyo ni bandeji tu.

Sasa niseme juu ya pedali za magari, maana vijana wengi wameniuliza. Pedali halisi za ndege ni ghali na hazipatikani kila duka, kwa hiyo mtu anachukua za mchezo wa magari na kupangia ya kushoto breki ya kushoto, ya kulia breki ya kulia. Ni ubunifu mzuri na ninauunga mkono. Tatizo ni kwamba baadhi ya pedali hizo zina hali ya kuunganisha pedali mbili kwenye mhimili mmoja, kwa sababu michezo ya zamani ya magari ilitaka hivyo: gesi inavuta namba upande huu, breki inaivuta upande ule. Katika hali hiyo ukikanyaga kushoto ndege inageuka kushoto, ukikanyaga kulia inageuka kulia, na ukikanyaga zote mbili kwa nguvu sawa namba inabaki katikati. Yaani breki zinatoweka pale hasa unapozihitaji zaidi. Kwenye joy.cpl utakiona kipimo kimoja kinachoanzia katikati na kwenda pande mbili. Tafuta kwenye programu ya mtengenezaji mahali pa kutenganisha pedali. Ukishazitenganisha vitakuwa vipimo viwili.

Kuhusu waya nitapita haraka. Windows hupenda kukata umeme wa tundu la USB lisilotumika ili kuokoa nishati, na pedali zilizokaa kimya wakati wa safari ndefu angani zinaweza kukutwa zimelala wakati wa kutua. Zima uokoaji huo kwa tundu husika. Na kama vifaa vyako vyote vimening'inia kwenye kigawanyio kimoja kisicho na umeme wake, hamishia pedali kwenye kompyuta moja kwa moja ujaribu.

Tuseme joy.cpl ni safi na bado kuna shida. Basi tuko ndani ya simuleta, na hapa makosa matatu ndiyo ninayoyakuta zaidi. La kwanza ni mhimili uliogeuzwa. Pedali nyingi hutoa namba kubwa zikiwa huru na namba ndogo zikikanyagwa. Simuleta isipojua hilo, ndege inafunga breki muda wote unapopumzisha mguu na kuziachia unapokanyaga. Dalili ni ya kipekee: kanyaga zote mbili uone kama ndege inaondoka. Katika ukurasa wa vidhibiti kuna kisanduku cha kugeuza mhimili. Kigeuze kwa kushoto na kwa kulia, kwani mtu akigeuza upande mmoja tu anajitengenezea ndege inayozunguka kama pia.

Kosa la pili ni kazi moja kupewa vifaa viwili. Simuleta nyingi hukipangia kila kifaa kipya kazi za kuanzia bila kukuuliza. Umechomeka jostiki, pedali, na pengine kidhibiti cha Xbox. Vyote vitatu vinaweza kuwa na neno juu ya breki, na simuleta inasikiliza sauti zote. Jostiki iliyo kabatini haisumbui mtu, lakini iliyochomekwa na kusahaulika nyuma ya meza inaweza kushikilia breki jioni nzima. Fungua kifaa kimoja baada ya kingine, tafuta kila mstari unaotaja breki, ubakishe ule wa pedali peke yake. Kitufe kimoja cha akiba kwenye jostiki hakina ubaya, mradi unajua kipo.

La tatu ni pedali ambazo hazijaamka. Kuna vifaa ambavyo simuleta hukisia namba yake kuwa ya katikati hadi vitakapoguswa mara ya kwanza, na katikati ya mwendo wa pedali ni nusu ya breki. Kwa hiyo ndege ikishapakiwa, kanyaga kila pedali hadi mwisho mara moja na kuiachia. Wanaotumia kibodi nao wana jambo lao. Katika X-Plane herufi B ni ya kubadilisha hali: bonyeza mara moja breki zinafunga, bonyeza tena zinaachia. Katika FlightGear, simuleta ya bure ambayo ninaipendekeza kwa shule zisizo na bajeti, B hufunga breki kwa muda unaoishikilia tu, na B kubwa ndiyo breki ya maegesho. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine hubeba mazoea ya vidole, na anaweza kuondoka maegeshoni breki zikiwa zimefungwa.

Nimefika sehemu ninayoijali zaidi, nayo ni ndege yenyewe. Malalamiko mengi yanayopita mitihani yote niliyoitaja si hitilafu hata kidogo. Ndege inafanya ilichoundwa kufanya, na mwenye simuleta hajafundishwa.

Chukueni breki ya maegesho ya 737. Rubani halisi hukanyaga pedali zote mbili hadi mwisho, anavuta mkono wa breki ya maegesho, kisha anaachia pedali. Na kuifungua anakanyaga tena hadi mwisho. Ndege zilizoigizwa kwa undani hudai vivyo hivyo. Pedali ambayo kwenye joy.cpl inaishia robo tatu haitaifunga breki hiyo wala kuifungua, na mtu atabonyeza kitufe mpaka achoke. Au chukueni mpangilio wa RTO, ule wa kufunga breki zenyewe rubani anapoghairi kuruka. Kijana anaujaribu kwa kupunguza injini akiwa na kasi ya noti 60, breki hazishiki, anaandika kwamba ndege ni mbovu. Katika 737 RTO haifungi breki chini ya noti 90. Ajaribu akiwa na 100 atapata jibu lake.

Airbus A320 ina somo zuri zaidi. Kwenye dashibodi kuna kipimo kidogo chenye mishale ya shinikizo la breki. Ndege ikianza kutembea, rubani anagusa breki na mwenzake anatazama kipimo hicho, anatamka kwamba shinikizo ni sifuri. Anayeona mara ya kwanza hudhani breki zimekufa. Kumbe kipimo hicho huonyesha shinikizo la mfumo wa akiba, ule wa haidroliki ya njano pamoja na tangi lake la shinikizo. Breki za kawaida hutumia haidroliki ya kijani. Sifuri maana yake kijani imepokea kazi na njano imepumzika, ambayo ndiyo hali inayotakiwa. Tangi hilo la akiba linatosha kufunga breki kikamilifu angalau mara saba, na kushikilia breki ya maegesho kwa saa zisizopungua 12. Kijana anayeyajua haya ameanza kuielewa ndege, na amefika hapo kwa kuuliza breki zake zina nini.

Kuna pia suala la mahali. Ndege hiyohiyo, uzito huohuo, inasimama vizuri Dar es Salaam na inaonekana nzito kusimama Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, hivyo ndege inayotua kwa kasi ileile kwenye kipimo inapita juu ya lami kwa kasi kubwa zaidi, takriban asilimia 8 kuliko pwani katika hali ya hewa ya kawaida. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo breki zinapewa kazi ya ziada inayokaribia asilimia 17. Simuleta nzuri inahesabu yote hayo. Usiongeze nguvu za breki kwenye mipangilio kwa sababu ya Nairobi. Funga breki mapema zaidi, na utumie riversi na spoila kama wafanyavyo marubani.

Na yule anayevutwa kushoto? Katika Cessna 172 propela na hewa inayozungushwa nayo huivuta ndege kushoto injini inapopewa nguvu, na upepo wa ubavuni hugeuza pua kuelekea unakotoka. Kwa hiyo weka hali ya hewa tulivu bila upepo, ipe ndege mwendo mdogo, punguza injini hadi chini kabisa, uiache itembee yenyewe. Ikienda moja kwa moja, breki ni nzima na unahitaji mazoezi ya usukani wa miguu. Ikiendelea kwenda kushoto, rudi kwenye pedali ya kushoto na namba zake. Na anayelalamika kwamba Cessna haikati kona fupi ajue kwamba katika ndege halisi pedali hugeuza gurudumu la mbele takriban digrii 10 tu. Kufikia 30 lazima ufunge breki ya upande mmoja. Mwenye jostiki peke yake, breki zote zikiwa kwenye kitufe kimoja, hawezi kufanya hivyo, na si kosa la programu.

Naomba sasa niseme jambo zito. Tarehe 7 Septemba 2011, karibu na Yaroslavl nchini Urusi, ndege ya Yak-42 iliyobeba timu ya hoki ya barafu ya Lokomotiv ilikimbia kwenye lami bila kupata kasi ya kutosha, ikapita mwisho wa njia, ikainuka kutoka kwenye majani, ikagonga antena na kuanguka. Kati ya watu 45 waliokuwamo, 44 walipoteza maisha. Wachunguzi walihitimisha kwamba wakati wa kukimbia breki zilikuwa zinakanyagwa kutoka chumba cha marubani. Marubani hao walikuwa na uzoefu mkubwa zaidi katika Yak-40, ambayo pedali zake zina umbo tofauti, na ripoti ililaumu pia mafunzo waliyopewa. Ndege ilikuwa nzima. Miguu ndiyo iliyowekwa mahali pasipofaa.

Siutaji msiba ule kwa wepesi. Nautaja kwa sababu mtu anayepumzisha nyayo nzima juu ya pedali zake za nyumbani, akaona Cessna inajikokota, akailaumu simuleta, anajenga mazoea yaleyale. Visigino vikae sakafuni. Vidole viguse sehemu ya chini ya pedali wakati wa kukimbia kuruka, na vipande juu pale tu unapotaka breki. X-Plane inaweza kuonyesha kwenye skrini kiasi cha breki ya kushoto na ya kulia. Washeni maonyesho hayo katika mazoezi ya kuruka, na mwalimu asimame nyuma akitazama namba badala ya upeo wa macho. Kijana anayetarajia siku moja kwenda Soroti, Uganda, kujifunza urubani afike huko miguu yake ikiwa imeshafundwa.

Kwa walimu wenye maabara za simuleta nina ombi moja la vitendo. Ndege halisi huwa na daftari ambamo rubani huandika kasoro kama alivyoiona, na fundi huandika chini yake alichokifanya, kisha huweka sahihi. Wekeni daftari la namna hiyo kando ya kila kompyuta. Mwanafunzi asiandike "breki mbovu". Aandike ndege gani, uwanja gani, kasi gani, pedali ipi, na joy.cpl ilionyesha nini pedali zikiwa huru. Anayerekebisha abadilishe jambo moja, ajaribu, aandike, ndipo aende kwa la pili. Kabla ya kupakia toleo jipya la simuleta, nakilini mafaili ya mipangilio ya vidhibiti kwenye diski nyingine, kwa kuwa toleo jipya linaweza kurudisha kazi zote za kuanzia. Baada ya kulipakia, kagueni kwa mpangilio uleule tulioupita leo: joy.cpl, kisha ukurasa wa vidhibiti, kisha Cessna 172 katika uwanja usio na upepo.

Muda wangu umekwisha na wa maswali umefika. Nimeambiwa kuna waliokuja na pedali zao. Wazilete hapa mezani, kompyuta imeshawashwa.